Alikuwa wa Nani?

Mpwa wangu anasoma katika kisiwa cha Saiprasi, ambacho Biblia zetu zinakiita Kipro. Ameniandikia akinisihi niuze nusu ya shamba la migomba hapa Bugarama ili tushirikiane kununua nyumba ndogo karibu na mji wa Kyrenia, upande wa kaskazini. Sababu zake ni tatu: bahari inaonekana dirishani, bei ni nafuu kuliko upande wa kusini, na wageni wananunua kila siku.

Nilimuuliza swali moja tu: kiwanja hicho kilikuwa cha nani mwaka 1974? Hakulipenda. Alisema mjomba amezoea mambo ya kijijini. Hati ipo, mhuri upo, wakili yupo. Namjibu hapa hadharani, maana wanaofikiri kama yeye ni wengi, na wengine wala hawajavuka Rusumo.

Kisiwa kile kiligawanyika Julai 1974. Wanajeshi waliotaka kukiunganisha na Ugiriki waliipindua serikali, na siku tano baadaye jeshi la Uturuki likatua pwani ya kaskazini. Wagiriki zaidi ya laki moja na nusu walikimbilia kusini. Waturuki wa kusini nao wakahamia kaskazini, wakiacha nyumba zao. Machozi hayakuwa ya upande mmoja. Dola iliyotangazwa kaskazini mwaka 1983 inatambuliwa na Uturuki peke yake. Basi mhuri anaojivunia mpwa wangu una nguvu mpaka kwenye ule mstari wa mpaka, na ukivuka hapo ni wino tu.

Nisionekane natunga. Mume na mke Waingereza walinunua kiwanja kule mwaka 2002, wakajenga nyumba nzuri ya kupumzikia uzeeni. Mgiriki aliyekimbia akiwa kijana akajitokeza, akashitaki. Mahakama ya Nicosia ikaamuru nyumba ibomolewe na mwenye ardhi alipwe. Wale wazee walidhani wakiwa kwao Uingereza hukumu haitawafikia. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ilisema hukumu ile ina nguvu hata huko, na Januari 2010 mahakama ya rufani ya Uingereza ikakubali. Nyumba ya kisiwani ikawa deni linalowafuata mpaka nyumbani.

Ndiyo sababu bei ni ndogo, mpwa wangu. Vipo viwanja vya kaskazini vilivyokuwa vya Waturuki tangu kabla ya 1974, navyo huuzwa ghali zaidi. Muuzaji anajua tofauti. Ukiona unafuu usioelezeka, ujue umeuziwa kesi ya mtu.

Utaniambia, nisiponunua mimi atanunua mwingine. Hayo ndiyo maneno ya kila mnunuzi wa mali ya wizi tangu dunia iumbwe. Utaniambia pia kwamba hukumfukuza mtu. Ni kweli. Lakini aliyefukuzwa angali anaukumbuka mlango, na wewe ndiye utakayekuwa umeshika ufunguo.

Mtoto wa Ngara hana udhuru wa kutolijua hili. Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wengine wamebeba funguo za nyumba walizoziacha. Waliporudi Rwanda, Desemba 1996, wengi walikuta majumbani mwao watu waliokuwa wamekimbia zamani, nao wakirudi kwao. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walikaa kwetu zaidi ya miaka thelathini. Waliorejea wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya, wengine wakiwa na karatasi za serikali mkononi. Karatasi hazikuzuia ugomvi. Mpaka ikabidi iundwe tume nzima kwa ajili ya mashamba hayo, na tume yenyewe ikalaumiwa na pande zote.

Hapa kijijini ukitaka kununua shamba, unawaita majirani wa pande zote nne. Wazee wanauutembelea mpaka kwa miguu, na kila mmoja anasema anachokumbuka: huyu alirithi, yule aliuza, huyu alihama. Wasomi wetu wanauona utaratibu huo ni upotevu wa siku. Mimi naona ndiyo hati ya kwanza. Ile ya halmashauri ni ya pili. Sheria yetu ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 haikukosea ilipolipa baraza la kijiji sauti.

Sisemi mtu asihame. Wazee wetu walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa, na wengine wakabaki huko na hawakulaumiwa. Chagua kisiwa, chagua mji, chagua pwani. Ila kabla hujauliza bahari iko umbali gani, uliza nani alikuwa akiitazama kabla yako, na kwa nini haitazami tena.

Migomba siiuzi. Siku mpwa wangu atakaponiletea jina la mwenye kiwanja wa mwaka 1974, na ridhaa yake, tutazungumza.