Mwanahistoria Akibuni, Nani Anadanganywa?

Wanaomshuku mwanahistoria anayeandika riwaya wana madai matatu. La kwanza: mwanahistoria akishaandika riwaya ya kubuni, tena ya kifalsafa, hata historia yake haiaminiki tena. Lingekuwa na uzito kama ubunifu ungeishi ndani ya riwaya peke yake. Tazama Serengeti. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyoionyesha kama pori la tangu kuumbwa kwa dunia, akasisitiza kwamba ndani yake asiishi mtu. Filamu ikapata tuzo ya Oscar. Lakini mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti (2007), aliwasikiliza wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi na Ngoreme, na masimulizi yao yakampeleka kwenye mahame yaliyomo humohumo hifadhini. Sotoka, ndui na njaa za mwishoni mwa karne ya 19 ziliwahamisha watu. Vichaka vikaota, mbung'o wakaingia. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1951, upweke ule ulikuwa haujafikisha hata miaka 100. Riwaya hujitambulisha jaladani kuwa ni riwaya. Filamu ile ilijiita kweli.

La pili: masimulizi ya wazee ni ngano tu. Wanata husema wametokana na Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Ukitafuta tarehe ya ndoa yao utachoka bure. Ukiuliza kwa nini nyama na nafaka zinakutana katika nyumba moja, umeshaanza kusoma historia ya watu waliojumuika. Na ng'ambo kidogo, Ukerewe, mwandishi Aniceti Kitereza aliandika desturi za kwao akaandika na riwaya. Wanahistoria hawakumkimbia, walimfuata.

La tatu, kwamba kuchezea wakati ni uzungu, halistahili maneno mengi. Wakurya wa Tarime wana mizunguko miwili ya vizazi, Monyasaai na Monyachuma, kila mmoja na majina manne: mtoto hupokea jina linalofuata la baba yake, na baada ya vizazi vinne jina linarudi. Mtu aliyekulia humo hatashtushwa na wakati unavyochezewa katika Nagona, riwaya ya Kezilahabi.

Wenye madai hayo wana haki mahali pamoja tu: mwanahistoria huyo asije akainukuu riwaya yake mwenyewe kama ushahidi.