Tusilaumu Chombo Bure

Muhula huu printa ya maktaba ilinyamaza siku tisa, na maswali ya mtihani wa majaribio tukayanakili kutoka ubaoni. Wengi wakazilaumu kompyuta zetu za Linux. Nasema hawakutenda haki. Tuliita printa kwa amri ya ping, kimya. Tulipoiagiza ichape ukurasa wa maelezo yake, tukaona ruta imeipa anwani mpya baada ya umeme kukatika. Tukaiandika anwani hiyo katika CUPS, programu inayosimamia uchapaji, na karatasi zikatoka. Dakika kumi tu! Lakini fundi wa mjini alikwisha kuitwa, kwa fedha za wazazi. Basi yafaa printa ipewe anwani isiyobadilika, nasi wanafunzi turuhusiwe kutafuta kosa kwanza.