Mahindi Peke Yake Hayamtoshi Kuku

Katika vijiji vya pwani, toka Bunju na Mapinga hata Kerege, Kiromo na Bagamoyo, kuku wengi hulishwa kwa desturi moja. Asubuhi mwenye nyumba hufungua banda, huchota konzi mbili tatu za mahindi, huzitupa uani, kisha huenda zake kazini akijua kwamba kuku wamekwisha kula. Na kweli wamekula. Kifuko cha shingoni kimejaa hata chaonekana kuvimba. Lakini kujaza tumbo ni jambo moja na kulisha ni jambo lingine, na nyumba nyingi hukosa mayai kwa kuyadhani mambo hayo mawili kuwa moja.

Mahindi si chakula kibaya. Yalitoka Amerika, yakafika pwani hii baada ya Wareno kuanza kusafiri katika bahari hizi, na leo hapana nafaka iliyo rahisi kupatikana kuliko hiyo. Humpa kuku nguvu na joto. Hata katika chakula kilichopimwa vizuri, nusu nzima au zaidi yaweza kuwa mahindi. Ila katika sehemu 100 za mahindi, protini, yaani kile kijengacho mwili, ni sehemu 8 au 9 tu. Kuku atagaye ahitaji 16 au 17, na kifaranga wa majuma ya kwanza ahitaji kama 20. Tena protini yenyewe ya mahindi ina pungufu, maana ndani yake laisini na triptofani ni haba. Basi mtu akiongeza mahindi juu ya mahindi, kuku hunenepa kwa mafuta, wala mayai hayaongezeki.

Tazama na gamba la yai. Gamba moja lina kalisi ya gramu 2 hivi. Kuku mkubwa hula kama gramu 120 kwa siku. Zikiwa ni mahindi matupu, kalisi iliyomo haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Itatoka wapi iliyobaki? Hutoka katika mifupa yake mwenyewe. Baada ya muda magamba huwa membamba, miguu hulegea, na mwenye kuku husema amerogwa au amepatwa na mdondo. Mdondo ni ugonjwa mwingine, wala hauzuiliwi kwa chakula. Dawa yake ni chanjo, na iliyo ya kawaida vijijini ni tone moja jichoni, tena kila miezi mitatu.

Wazee hujibu kwamba kuku wa babu zao hawakupimiwa chakula, na walitaga. Neno lao ni kweli, lakini wamelitaja nusu. Kuku wale walizunguka kutwa nzima, wakifukua jaani, wakila mchwa, panzi, minyoo, majani mabichi na makombo ya samaki. Mahindi yalikuwa nyongeza tu ya jioni. Siku hizi viwanja vimebanana, jirani ana mchicha wake, na kuku hufungiwa. Mtu afungapo kuku amewanyang'anya mchwa na panzi wao, na hapana budi awalipe.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi Batavia, katika kisiwa cha Java, mji ambao leo ni Jakarta. Kuku wake walianza kupepesuka na kuanguka. Ikaonekana kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali. Alipokuja mpishi mpya, alikataa kuwapa kuku chakula cha askari. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona. Hawakuwa na njaa hata siku moja, walakini walikuwa wakifa kwa kukosa kitu kilichomo katika pumba. Kwa kazi hiyo Eijkman alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Watu wa Bagamoyo hawana sababu ya kulia umaskini katika jambo hili. Mahindi yaliyoparazwa kilo 5, pumba kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2 na dagaa waliosagwa kilo 1 hufanya chakula kinachomfaa kuku wa mayai. Makombe ya chaza na kome, ambayo watoto huyakanyaga ufukoni kila siku, yapondwe na kuwekwa katika chombo cha peke yake, kila kuku ajichukulie kiasi atakacho. Majani ya mchicha au matembele yasisahauliwe, hasa kwa kuwa mahindi yetu ni meupe na hayana rangi ile ya manjano iletayo vitamini A. Ndiyo maana kiini cha yai la kuku wa bandani mara nyingi hupauka.

Lakini dagaa wana mashaka mawili. La kwanza ni chumvi, maana wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Yafaa waoshwe, kwani chumvi nyingi huua vifaranga. La pili ni zito zaidi. Mtoto aliyeachishwa ziwa naye hupewa uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni, na upungufu ule wa mahindi haumwachi kwa kuwa ni mtu. Nyumba inunuayo dagaa kwa ajili ya banda, na mtoto akala ugali kwa mchuzi wa chumvi, imepanga mambo yake kinyume. Dagaa wazima ni wa chungu; vichwa na waliovunjika vunjika ni wa kuku.

Limebaki jambo la mahindi yaliyoota ukungu, ambayo kwa unyevu wa pwani hupatikana mara kwa mara, na watu huona ni halali ya kuku. Si halali yao. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupikwa, hudhuru ini, na yaweza kuingia hata katika yai. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe shimoni, mbali na banda.