BIMA YA SAFARI SIYO BIMA YA FAMILIA (Sehemu ya 4)



Wiki hii swali limekuwa moja: "Nesi, nafanya kazi mtandaoni, tunahamia nje na mume na mtoto. Bima gani ni nafuu?"

Nitajibu, ila naomba tuligeuze swali kwanza. Usiulize ipi ni nafuu. Uliza hivi: mwanangu akishikwa na degedege usiku, au mimi nikitokwa damu na mimba ya wiki 30, nani analipa?

Bima ya safari ni ya mtu anayepita. Ajali, homa ya ghafla, kurudishwa nyumbani. Ukiomba viza ya Schengen unatakiwa uwe na bima ya angalau Euro 30,000. Hata Zanzibar, tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanakata bima ya dola 44 kwa siku 92. Ni nzuri kwa kazi yake. Lakini haikuandikwa kwa ajili ya mama anayehudhuria kliniki kila mwezi, wala mtoto anayedaiwa chanjo ya miezi tisa. Kukubaliwa ubalozini ni jambo moja, kulazwa wodini ni jambo jingine.

Na wewe wa kazi za mtandaoni una tatizo la ziada. Kampuni iko Marekani, wewe uko Dubai au Kigali, na mkataba wako ni wa kujitegemea. Hakuna mwajiri anayekukatia bima. Kadi yako ya NHIF ni ya vituo vilivyosajiliwa huku nyumbani. Ukishavuka mpaka unabaki wewe na ile karatasi uliyosaini. Basi isome, hasa haya:

1. UZAZI. Bima nyingi za kimataifa zina kipindi cha kusubiri kabla hazijalipia ujauzito na kujifungua, mara nyingi miezi 10 hadi 12, nyingine zaidi. Mimba ni wiki 40. Piga hesabu mwenyewe: ukikata bima ukiwa mjamzito tayari, utajifungua kabla muda haujaisha. Kama mnapanga mtoto, bima inatangulia, mimba inafuata. Uliza pia kuhusu upasuaji na kikomo cha fedha ikitokea kifafa cha mimba.

2. MTOTO MCHANGA. Msidhani anaingia moja kwa moja kwenye kadi ya mama. Bima nyingi zinataka umwandikishe ndani ya muda maalumu, mara nyingi siku 30. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 anaweza kukaa wodi ya njiti wiki kadhaa: joto, oksijeni, dripu, mrija wa maziwa. Huko kila siku ina bili yake. Uliza kabla: analipiwa tangu siku ya kwanza au la?

3. MAGONJWA MLIYONAYO. Selimundu, pumu, presha, kisukari. Yaandikeni kwenye fomu hata kama bei itapanda. Ukificha, kampuni ikifungua faili lako la hospitali ina haki ya kukataa kulipa, na wewe utakuwa umechangia miaka yote bure.

4. NANI ANATOA HELA KWANZA. Kuna bima inayolipa hospitali moja kwa moja, na kuna inayotaka ulipe wewe kisha udai urudishiwe. Hii ya pili inakufaa tu kama una akiba. Huna? Usiichukue.

5. ENEO. Vifurushi vingi vya "dunia nzima" vinaiacha Marekani nje. Na nyumbani je? Wengi wenu mtataka kuja kujifungulia kwa mama, mle uji wa pilipili manga na kukandwa mpaka arobaini iishe. Uliza bima inakuruhusu siku ngapi nchini kwenu, na kama kujifungua huko kunalipiwa.

Najua mtasema, "Nesi, hiyo bima ni ghali." Ni kweli, ghali. Basi punguza pale panapopunguzika. Toa meno na miwani. Kubali kuchangia kiasi kikubwa zaidi mwenyewe kwenye matibabu madogo. Ila USITOE kulazwa, na kama bado mnazaa USITOE uzazi. Mafua na homa ndogo mtazimudu kwa mfuko wenu. Upasuaji wa dharura na wiki tatu za wodi ya njiti hamtazimudu, na ndipo harambee za WhatsApp zinapoanza.

Kabla ya kulipa, waandikieni kampuni barua pepe muulize hayo matano, na majibu yao muyatunze. Maneno ya wakala kwenye simu hayana ushahidi.

La mwisho, na hili nalisema kama nesi: mjamzito ukiumwa kichwa kikali, ukiona maruweruwe, ukitokwa damu, au mtoto akipunguza kucheza, NENDA HOSPITALI. Mambo ya kadi baba atayashughulikia mapokezi.

Una ndugu anayejiandaa kuondoka? Mtumie hii kabla hajalipa. Sehemu ya 5 tutaongelea karatasi za kliniki za kubeba kwenye mkoba, siyo kwenye begi la kwenda buti ya ndege.