Mwarobaini upi huo unaokunywa?

Ndugu msomaji, jirani akikwambia uchemshe majani ya mwarobaini unywe, usianze kwa kuuliza vikombe vingapi. Uliza kwanza ni mti gani. Utasema, nani asiyeujua mwarobaini? Ukweli ni kwamba wengi tunalijua jina, mti wenyewe hatuujui.

Mwarobaini halisi, ule uliopewa jina kwa kuaminiwa kuwa unatibu maradhi 40, wataalamu wa mimea wanauita Azadirachta indica. Baadhi ya watu wa pwani ya Kenya huuita mkilifi. Mti huu una ndugu yake, Melia azedarach, ambao nao umepandwa huku kwetu kwa ajili ya kivuli na mapambo, na wapo wanaouita mwarobaini vilevile. Hata majina ya kitaalamu yanashabihiana, kwani yote mawili yana asili ya Kifarsi. Linnaeus mwaka 1753 aliiweka miti yote miwili katika jamii moja ya Melia, na ni mwaka 1830 ndipo mwarobaini ulipotengewa jamii yake.

Tofauti hii si ya makaratasi tu. Matunda ya Melia yana sumu. Aliyeyala huweza kutapika, kuharisha, kutetemeka mwili na kupumua kwa shida, na imewahi kutokea watu na mifugo, hasa nguruwe, wakafa.

Ukiwa chini ya mti, kutofautisha si kazi ngumu. Jani la mwarobaini lina uti mmoja wenye vijani vilivyojipanga huku na huku. La Melia uti wake unatoa matawi, na vijani vimeota kwenye matawi hayo. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya Melia yana rangi ya zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu kama zaituni dogo. La Melia ni duara kama shanga, na hubaki mtini hata majani yakipukutika.

Lakini unga je? Unga wa kijani uliomo kwenye kikopo hauna ua wala tunda. Hapo msomaji huna macho ila maneno ya muuzaji. Kwa maoni yangu, anayeuza dawa ya miti shamba bila kuandika jina la mmea kitaalamu, na kama ni jani, gome au mbegu, hajamtendea haki mnunuzi. Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga. Cheti cha usajili ukutani ni jambo jema, lakini hakikwambii kilichomo kikoponi.

Wapo watakaosema majina hayo ni mambo ya Kizungu. Basi na wamsome Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248. Katika kitabu chake cha dawa na vyakula alikusanya zaidi ya dawa 1,400 kwa mpangilio wa alifu, be, te, na kwa nyingi akataja jina lake kwa lugha nyingine, kama Kigiriki, Kifarsi na Kiberiberi. Jina lililozoeleka Andalusia halikuwa lazima lijulikane Sham.

Na hata ukiupata mwarobaini wenyewe, mjamzito asiutumie kama dawa ya kunywa, wala mtoto mchanga asinyweshwe mafuta yake, kwani yamewahi kudhuru watoto vibaya. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe malaria.

Kama uwanjani kwako kuna Melia, fagia matunda yake kila yanapodondoka. Mtoto akiyala, mkimbize hospitali, na uchukue kitawi chenye majani na matunda umwoneshe daktari. Usimwambie tu kwamba amekula mwarobaini.