Faktire yenye makosa si deni la mgonjwa

Wanaolipa mchango wa mituweli ya afya kila mwaka hawaombi sadaka. Wamelipa. Lakini huku Kivu bado kuna hospitali ambako mwanachama akifika kwenye dirisha la kulipia anapewa faktire nzima, kana kwamba karte aliyoonyesha siku ya kuingia ni karatasi ya kufungia karanga. Akiuliza, anajibiwa: lipa kwanza, mituweli itakurudishia.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme faktire ni franka 100.000 na mkataba unasema mituweli inabeba asilimia 80. Mgonjwa anadaiwa 20.000, basi. Akilipishwa 100.000, kisha hospitali ipeleke faktire ile ile kwa mituweli, itapokea 180.000 kwa kazi ya 100.000. Hizo 80.000 zimekuwa za nani?

Tena faktire nyingine zina mstari mmoja tu, «dawa na matunzo», na jumla chini. Ukilazimisha ifunguliwe, unakuta serumu ambayo familia ilinunua yenyewe kwenye famasi ya nje, kwa ordonansi ya daktari yule yule. Unakuta pia siku za kitanda zilizohesabiwa baada ya mgonjwa kupona, alipobakizwa kwa sababu ya deni. Yaani mtu anazuiwa, halafu analipishwa kuzuiwa!

Wakubwa wa hospitali wana jibu: mituweli zinachelewa kulipa, na wauguzi wengi hawana mshahara wa serikali. Ni kweli. Lakini mkataba ni kati ya hospitali na mituweli, wadaiane wao. Sheria ya mituweli ipo tangu Februari 2017. Katiba, kipengele cha 47, inahakikisha haki ya afya, na kipengele cha 17 kinasema mtu hazuiliwi ila kwa mujibu wa sheria. Mama aliyezaa, anayelala na mtoto wake sakafuni akingoja mumewe atafute pesa, amezuiliwa kwa sheria gani?

Kwa wahami wa vita ni vibaya zaidi. Karte ilibaki kijijini au iliungua pamoja na nyumba, na mhasibu anasema bila karte hakuna mituweli. Jina haliungui. Limeandikwa katika daftari la mituweli, na anayetaka kuhakikisha anapiga simu.

Mwanachama asisaini karatasi ya deni kabla ya kupewa faktire inayotaja kila dawa, kila kipimo na bei yake. Ordonansi na risiti za famasi azitunze. Faktire iende kwa daktari mshauri wa mituweli, ambaye kazi yake ni kukagua bei hizo. Akinyamaza, kuna CODESA, kamati ya wakaaji ambayo wengi huikumbuka siku za chanjo tu, na juu yake ofisi kuu ya zoni ya afya.

Na mituweli zenyewe? Zinajua sana kupita nyumba kwa nyumba kuokota mchango. Zipite pia katika wodi, asubuhi ya siku wagonjwa wanaporuhusiwa kwenda, kabla mhasibu hajaandika jumla.