Bawa la Ndani Refu? Piga Hesabu Kabla ya Kuiga

Kwani nani alisema ndege lazima iwe na mabawa sawa? Waundaji wa ndege ndogo zinazoongozwa kwa nyaya wamelibishania suala hili miaka mingi, na mimi nina upande wangu: bawa la ndani liwe refu kidogo tu, kazi iliyobaki ifanywe na uzani.

Kwa asiyezijua, ndege hizi hazina rimoti. Rubani husimama katikati ya uwanja akiwa na mpini mkononi, nyaya mbili zikiushika na ndege, nayo ndege inamzunguka. Mtindo huu ulivuma Marekani miaka ya 1940 kupitia Jim Walker wa Portland. Nyaya zikilegea, mpini hauna kazi tena. Injini bado inanguruma, ndege haina mwenyewe, na aliye karibu yuko hatarini.

Sasa fikiria mbio za mita 400. Mkimbiaji wa leni ya nje huanzia mbele kwa sababu kona yake ni ndefu. Bawa la nje nalo huzunguka duara kubwa kwa muda uleule, hivyo linaenda kasi zaidi. Chukua nyaya za mita 18 na mabawa ya mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha: katikati ya bawa la nje, kasi inazidi ya ndani kwa takriban asilimia 4. Lakini nguvu ya kuinua hufuata kasi mara kasi, kwa hivyo tofauti inafika asilimia 8. Bawa la nje linapanda, ndege inamlalia rubani, nyaya zinalegea.

Ndiyo maana waundaji wengi hurefusha bawa la ndani. Shida ni wale wanaodhani kwamba likirefushwa zaidi ndio poa zaidi. Wapi! Likizidi, ndege inalalia nje, na gundi ikishakauka hakuna kurudi nyuma.

Uzani ni tofauti. Acha kijisanduku kwenye ncha ya bawa la nje, tia vipande vya risasi, kisha ongeza au punguza ukiwa uwanjani. Irushe usawa wa macho: ukiona tumbo la mabawa, upande wa nje umelala, punguza. Ukiona mgongo, ongeza. Ila hakikisha kwanza kwamba mabawa hayajapinda.

Kuna watakaosema mabawa yawe sawa kabisa, risasi imalize yote. Inawezekana, lakini ndege itabeba mzigo wa bure.

Kwa hivyo kijana mwenzangu, usikate mbao kwa sababu ramani ya mtu fulani imesema. Pima urefu wa nyaya zako, pima mabawa yako, piga hesabu. Halafu tafuta uwanja ulio wazi, mbali na watu na nyaya za stima.